Mchora Bango Naye Apewe Haki Yake

Mtunzi wa mashairi ya Kiswahili afikapo beti za tamati, aghalabu hujitaja. Hutaja jina lake, pengine na la babake, na mji atokako, ili shairi likihama mdomo hadi mdomo au likichapwa gazetini, mwenyewe ajulikane. Ada hiyo si majivuno. Ni hati ya miliki iliyoandikwa ndani ya mali yenyewe, na anayelichukua shairi akaufuta ubeti ule, sote twajua tumwite nani. Lakini sisi hawa hawa tulio wakali juu ya haki ya mtunzi hupita mbele ya bango la onyesho la muziki, tukazisifia rangi zake, tukalipiga picha na kuwapelekea jamaa, kisha tukenda ukumbini, na asiulize hata mmoja wetu: limechorwa na nani, na aliyelichora kalipwa nini?

Swali hilo ndilo ninalolileta hapa, na jibu langu naliweka wazi tangu mwanzo. Mchora bango ni msanii wa onyesho lile kama alivyo mpiga fidla na mpiga kanuni. Anastahiki ujira uliopatanwa kabla ya kalamu kugusa karatasi, na ulipwe kabla ya mlango kufunguliwa. Anastahiki jina lake liwemo katika kazi yake. Na bango likigeuzwa bidhaa, anastahiki fungu katika bidhaa hiyo. Kinyume cha hayo ni dhulma, hata kama anayeitenda ni mpenzi mkubwa wa muziki.

Tuangalie jinsi onyesho linavyoandaliwa. Mwenye ukumbi hataki hadithi. Hutaka pesa zake mapema. Fundi wa vyombo vya sauti hafungui makasha yake bila ya arubuni. Jenereta haliendi kwa ahadi, huenda kwa mafuta, na mafuta hununuliwa. Mpiga chapa haachii karatasi hata moja mpaka ahesabiwe. Waimbaji nao, na ni haki yao, wamejifunza kutopanda jukwaani kwa maneno matupu. Katika msafara wote huo, mtu anayeambiwa asubiri kwanza ionekane mlango umeingiza nini ni mchora bango. Ajabu iliyoje! Kazi yake ndiyo iliyokwisha mwanzo. Wiki kadhaa kabla ya zumari kulia, picha yake iko ukutani ikiita watu usiku na mchana. Hata hivyo amefanywa mshirika wa hasara asiye mshirika wa faida: mlango ukijaa haongezewi, na mlango ukiwa mtupu hapewi kabisa. Mafundisho ya dini tuliyolelewa nayo yanatutaka tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Jasho la mchora bango hukauka, likarudi, likakauka tena, naye bado anaambiwa "njoo Jumatatu".

Wenye kuandaa maonyesho wana jawabu walilolizoea: "Tuchoree tu, utapata jina." Neno hilo lingekuwa na uzito lau jina lenyewe lingeandikwa. Lakini yatazame mabango yaliyobandikwa mjini. Mara nyingi utakuta alama ya kampuni ya simu, ya soda, ya hoteli, ya redio, na ya duka linalouza tiketi. Jina la mchoraji halimo. Basi aliyeahidiwa jina badala ya pesa hunyimwa pesa, na jina nalo hulikosa. Na hata lingeandikwa, jina halilipi kodi ya nyumba wala halinunui wino. Jina ni haki ya pili. Haliwezi kuwa badala ya haki ya kwanza.

Ufutaji huu wa majina si mgeni katika pwani yetu. Tumeuzoea kiasi cha kuuvaa mwilini. Kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, nyumba ya biashara iliyoanza mwaka 1887, zilibeba maneno "Mali ya Abdulla", yakawa kwa wanunuzi ni dhamana ya ubora. Mfanyabiashara alikuwa na haki ya kutia alama yake, na alikuwa na busara ya kuijua thamani ya jina. Lakini aliyelichora ua la mji wa kanga, aliyelipima pindo likaafikiana na mji, yu wapi? Mama zetu walizihifadhi kanga hizo sandukuni miaka na miaka, wakayajua maneno yake kwa moyo, wala hawakuambiwa mkono ulioyapamba ni wa nani. Tusiseme kwamba hayo ni mambo ya kale. Bango la leo ni kanga ya ukutani, na dhulma yake ni ile ile.

Ili hoja hii isionekane kuwa ni manung'uniko ya kwetu tu, tuvuke bahari hadi San Francisco, Marekani. Huko jambo hili lilitokea hadharani, na habari zake zikahifadhiwa. Mwaka 1966 Bill Graham alikuwa akiandaa maonyesho ya muziki katika ukumbi wa Fillmore. Mmoja wa wachoraji wake wa mwanzo alikuwa Wes Wilson. Wilson alizichukua herufi akazivimbisha na kuzipinda mpaka zikajaza umbo zima, zikawa kama moshi au ndimi za moto, akifuata njia ambayo Alfred Roller wa Vienna aliianza mwanzoni mwa karne ya 20. Kuyasoma mabango hayo kulitaka mtu asimame na kutulia. Ikawa kila yalipobandikwa, watu waliyabandua wakaenda nayo majumbani. Graham, ambaye hakuwa mjinga wa biashara, akaona kwamba tangazo limegeuka mali. Akachapisha mengi zaidi. Mengine akawagawia waliohudhuria, mengine akayauza.

Hapo ndipo mgogoro ulipozaliwa. Mchoraji alilipwa kiasi cha dola 100 kwa bango, na kwa tangazo la usiku mmoja au miwili pengine kiasi hicho kilitosha. Lakini bango halikufa usiku ule. Liliuzwa mwezi uliofuata, na mwaka uliofuata. Mwaka 1967 Wilson na Graham walifarakana kwa ajili ya malipo, na katika bango la mwisho la Wilson kwa Graham wakati ule akachora nyoka mwenye alama ya dola menoni. Kazi ya mabango ikachukuliwa na Bonnie MacLean, mke wa Graham, mchoraji hodari kwa haki yake mwenyewe.

Simwiti Graham mwizi. Alilipa alichopatana, na aliweka mtaji wake hatarini. Kosa lilikuwa katika mapatano yenyewe: kazi ilinunuliwa kwa bei ya tangazo, ikauzwa kwa bei ya sanaa, na tofauti ya bei mbili hizo ikaenda upande mmoja. Graham alifariki mwaka 1991. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hazina ya kampuni yake, mabango yakiwemo, ilinunuliwa kwa mamilioni ya dola.

Alikuwepo katika mji ule ule mtu aliyeiona hila hiyo mapema. Victor Moscoso, mzaliwa wa Hispania aliyesomea uchoraji katika Chuo Kikuu cha Yale, alianzisha nyumba yake ya uchapishaji, Neon Rose, na kupitia kwayo akayatoa mabango ya klabu iliyoitwa The Matrix. Klabu ilipata matangazo yake, naye Moscoso akabaki na haki ya kuchapisha na kuuza kazi ya mkono wake. Onyesho halikuvunjika kwa sababu hiyo, wala wanamuziki hawakukosa wasikilizaji. Kwa hiyo anayetuambia kwamba haiwezekani mchoraji kubaki na haki yake, na muziki ukaendelea, anakanusha jambo ambalo limekwisha kufanyika.

Insafu inatutaka tuwageukie wachoraji wenyewe pia. Mwaka ule wa 1966 Stanley Mouse na Alton Kelley walitoa bango la kundi la Grateful Dead lenye kiunzi cha mifupa kilichovikwa mawaridi. Likawa alama ya kundi hilo hadi leo, na nakala yake ya chapa ya mwanzo imeuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 100,000. Picha ile ilitokana na mchoro wa Mwingereza Edmund J. Sullivan, aliyeufanya kwa ajili ya rubaiyat za Omar Khayyam. Sullivan alifariki mwaka 1933, na vijana wengi waliolivaa fulani lake la mifupa kifuani hawakupata kulisikia jina lake. Wasomaji wa jarida hili wanamjua Khayyam kwa mlango mwingine, ule wa Shaaban Robert, aliyezigeuza rubaiyat hizo kwa lugha yetu katika kitabu kilichotoka mwaka 1952. Shaaban Robert alikiitaje kitabu hicho? Omar Khayyam kwa Kiswahili. Jina la mwenye mali lilitangulia, ndani ya anwani yenyewe. Mchoraji anayedai jina lake basi naye asilifute la mwenziwe.

Narudi kwa waandaaji, kwani wana hoja nyingine yenye nguvu kuliko ile ya "jina". Husema maonyesho yana hasara, na mara nyingi husema kweli. Mvua hunyesha, umeme hukatika, mdhamini hujitoa siku ya mwisho. Lakini hasara hiyo haimsamehe mwenye ukumbi wala muuza mafuta. Kwa nini imkute mchoraji peke yake? Tuchukue mfano. Ukumbi una viti 400, na kiingilio ni shilingi 10,000. Viti vikijaa ni shilingi 4,000,000. Mchoraji akidai sehemu moja katika ishirini, yaani shilingi 200,000, amedai bei ya viti 20. Ikiwa bango lililokaa ukutani wiki tatu halikuweza kuleta watu 20, basi lilichapwa kwa nini? Na kama liliwaleta, mchoraji ameshajilipia, na onyesho limefaidi waliobaki wote. Wapo watakaosema kuwa kizuri chajiuza. Basi na wajaribu kuandaa onyesho bila ya bango, mbona hawathubutu?

Na sasa imezuka hoja mpya: kwamba mashine za akili mnemba hutoa bango kwa dakika moja, kwa hiyo mchoraji ashukuru akipewa chochote. Mashine hizo zilifundishwa kwa kulishwa picha zilizochorwa na watu, wengi wao hawakuulizwa wala hawakulipwa. Kuitumia mali iliyochukuliwa bila ya idhini ili kumvunjia bei mwenye mali ni kumdhulumu mara mbili. Zaidi ya hayo, mashine haijapata kukaa barazani ikasikiliza udi ukitiwa sauti. Haijui kwa nini bango la taarab la Idi halichorwi kama bango la muziki wa vijana wa mwezi wa Disemba. Anayetaka kitu kisicho na mji wala watu wake, na akichukue. Asije akakiita cha kwetu.

Sheria haikutunyima silaha. Tanzania iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1994, mkataba unaoilinda kazi ya sanaa tangu inapoumbwa bila ya sharti la kuisajili, na unaomtambua msanii kuwa na haki ya kudai kazi hiyo itambulike kuwa yake. Bara ilitunga Sheria ya Hakimiliki mwaka 1999, Zanzibar mwaka 2003. Lakini ndugu zetu wa Mombasa na Lamu wawe na hadhari zaidi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 iliweka kwamba hakimiliki ya kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwenye kuiagiza, isipokuwa pakiwa na mapatano yanayozuia au kuwekea mipaka uhamisho huo. Maana yake ni nyepesi na nzito: ukinyamaza, umetoa. Mchoraji aliyeshikana mkono na muandaaji wakaagana kwa tabasamu huenda ametoa mali ya maisha yake pasipo kujua.

Kwa hiyo lisemwalo hapa liandikwe kwenye karatasi, hata iwe ya ukurasa mmoja. Ujira ni kiasi gani. Nusu itolewe siku ya kuagizwa, nusu siku ya kukabidhi, bila ya kungoja mlango. Bango litachapwa mara ngapi, na litumike kwa onyesho gani. Picha ikihamishiwa kwenye fulana, kofia au jalada la albamu, mapatano mapya yafanywe na fungu lijulikane. Jina la mchoraji liandikwe pembeni kwa herufi zinazosomeka. Wachoraji nao wapatane baina yao wasichore chini ya kima fulani, kwani muandaaji mjanja hutegemea kwamba mmoja akikataa, jirani yake atakubali.

Nasi watazamaji tusijitoe. Desturi yetu ya taarab inatujua: wimbo ukitugusa twainuka, twaenda mbele na kumtunza mwimbaji, mbele ya macho ya watu. Mcheza kwao hutunzwa, na mchora bango acheza kwao kama yule aliye jukwaani, ila yeye hucheza ukutani, juani, kabla hatujafika. Yeye hataki noti ya kutupiwa. Ataka tuulize mlangoni, tunaponunua tiketi, bango hili ni la nani na amelipwa au hajalipwa. Muandaaji akiulizwa swali hilo na watu kumi kwa usiku mmoja, onyesho linalofuata atakuwa na jibu.