Gari la Mzee Chini ya Mkwaju



Ninyi mnaokaa Bariadi, Maswa na Itilima mnawajua wanunuzi wa vyuma chakavu. Wanakuja na gari lao na mizani, wanapita nyumba hadi nyumba wakiuliza sufuria zilizotoboka, majembe yaliyokwisha na mabati ya zamani. Lakini wakiingia uani macho yao hayatafuti sufuria. Yanatafuta kile kitu kilichokaa chini ya mkwaju, kuku wakitagia ndani yake.

Dada mmoja wa Bariadi mjini ameniandikia kuhusu kitu hicho. Baba mkwe wake alifariki akaacha Land Rover ya zamani, haina betri, haina kioo cha mbele, matairi yamezama ardhini. Mume amewafukuza wanunuzi mara tatu. Anasema ataifufua. Tangu aliposema hivyo, kila msimu wa pamba sehemu ya fedha inakwenda kwa fundi, na kila Jumamosi mume yuko chini ya gari pamoja na rafiki zake wawili wenye ugonjwa huo huo. Dada anauliza: "Je, ni vibaya nikimwambia auze kwa kilo tulipe ada?"

Dada yangu, si vibaya kuuliza habari ya ada. Ada ni lazima. Lakini kabla ya kusema neno "kilo" mbele ya mumeo, ni vizuri ujue ni kitu gani kinachokaa hapo uani, maana mwanamke akibishana juu ya kitu asichokijua hushindwa hata pale penye haki yake.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mwezi Aprili 1948, huko Amsterdam. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha juzi tu, na Uingereza chuma cha bati kilikuwa adimu. Kwa hiyo watengenezaji walitumia mabati ya aluminiamu kwa bodi, wakaweka chuma hasa kwenye chasisi. Ndiyo sababu gari la mzee limenyeshewa miaka yote hiyo na bodi yake bado inang'aa ukiifuta vumbi: aluminiamu haipati kutu kama chuma. Zile za mtindo wa kwanza zilitengenezwa mpaka 1958, zikafuata za pili, kisha za tatu kuanzia 1971 mpaka 1985. Ya mwisho ya ukoo ule, iliyokuja kuitwa Defender, ilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Baada ya hapo kiwanda kilileta gari jipya lenye jina lile lile, lakini wazee wa gereji watakuambia ni mgeni aliyeazima jina.

Kwetu magari haya yalikuja na kazi. Yalibeba mabwana shamba wa pamba, wauguzi, wachungaji na askari wa wanyamapori wa upande wa Serengeti. Vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba, ambavyo Paul Bomani aliviunganisha katika Shirikisho la Victoria mwaka 1955, vilihitaji gari linaloweza kupita kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika. Ninyi mnaujua udongo ule unavyoshika hata kandambili. Kwa hiyo mzee aliyepata kununua gari la namna hiyo hakununua chombo cha kutembelea tu. Alinunua heshima. Mumeo anapolala chini yake na spana, sehemu ya anachokitengeneza ni baba yake. Usicheke jambo hilo.

Wala hayuko peke yake. Mwezi Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha kutoka mikoa mingi, wakapanga msafara mmoja mrefu. Nia ilikuwa kuipita rekodi ya magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018, na taarifa za siku zile zilitaja magari zaidi ya elfu moja. Nairobi wana mkutano wao wa magari ya kale tangu 1970, ulioanzishwa na chama cha wenye Alfa Romeo. Huko waamuzi wanakagua mpaka chini ya gari, na familia zinakuja na vikapu vya chakula. Wapo pia wanaotunza Peugeot 404 kwa sababu ya yale mashindano ya Safari yaliyoanza 1953; Bert Shankland wa Dar es Salaam aliyashinda kwa gari hilo mwaka 1966 na tena 1967. Kwa Wasukuma hili lisiwe geni. Watu waliokua wakitazama Bagika na Bagalu wakishindana kwa ngoma wataelewa upesi kwa nini mtu mzima asafiri siku mbili kwenda kuonyesha gari lake na kutazama la mwenzake.

Basi mwache, na ulinde nyumba wakati huo huo. Hapa ndipo ninapotaka tuzungumze kwa makini, maana katika barua ndefu ya dada huyu kuna jambo moja ambalo hakulitaja kabisa. Kadi ya gari iko wapi, na ina jina la nani?

Ikiwa kadi bado ina jina la marehemu, na mirathi haijafunguliwa, gari hilo si la mumeo. Ni la warithi wote. Mumeo anaweza kutia injini, breki, viti na rangi kwa fedha ya pamba ya shamba lenu, na siku gari litakapowaka na kupigwa picha, shemeji mmoja atatoka Mwanza au Kahama na kusema, "Gari la baba limepona, sasa tugawane." Na atakuwa na haki. Nimeona ndugu waliokula sahani moja wakiacha kusalimiana kwa jambo dogo kuliko hilo.

Njia yake inajulikana. Kikao cha ukoo kinakaa na kuandika muhtasari, wanampendekeza msimamizi wa mirathi. Muhtasari huo na cheti cha kifo vinapelekwa Mahakama ya Mwanzo, nayo inamthibitisha msimamizi. Msimamizi ndiye mwenye mamlaka ya kumpa mmoja wa warithi gari, wengine wakikubali au wakifidiwa, kisha jina linabadilishwa TRA. Fanyeni hivi sasa, gari likiwa bado linaonekana kama banda la kuku. Ni rahisi ndugu kusema "chukua" kwa kitu kibovu. Kikipona, kila mtu anakumbuka alivyopendwa na baba.

Dada, kumbuka pia nafsi yako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mali iliyoandikwa jina la mwanandoa mmoja huchukuliwa kuwa ni yake mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Ikiandikwa majina ya wote wawili, huchukuliwa kuwa mna hisa sawa. Sheria hiyo hiyo, mahakama inapogawa mali za ndoa, inaangalia mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, na inahesabu hata mali aliyokuja nayo mmoja kabla ya ndoa ikiwa iliboreshwa sana kwa juhudi za mwenzake au za wote wawili. Na mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani nazo ni mchango. Lakini mahakama haisomi moyo, inasoma karatasi. Nunua daftari. Kila risiti ya spea ibandikwe humo, na pembeni iandikwe fedha imetoka wapi: pamba, mbuzi, mauzo ya maandazi yako.

Kwa mjane mambo ni magumu zaidi. Kanuni za mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 zinampa mjane nafasi ndogo sana katika urithi wa mumewe. Wajane wawili wa Shinyanga, walioolewa kwa Wasukuma, walizipinga kanuni hizo mpaka Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati ya haki za wanawake ikaona kwamba walikuwa wamenyimwa haki. Wakati kanuni zile zilipowaumiza wajane wale, Bariadi nayo ilikuwa bado sehemu ya mkoa wa Shinyanga. Simiyu ilizaliwa 2012. Kwa hiyo si habari ya mbali. Mwanamume anayelipenda gari lake na kumpenda mkewe ataweka majina mawili kwenye kadi, au ataandika wosia. Mwambie hivyo jioni akiwa amekula, si mbele ya fundi.

Sasa habari ya fedha. Kabla ya yote, msiuze chochote kwa kilo kabla ya kusoma kibati chenye namba ya chasisi. Wapenzi wa magari haya wanatafuta vitu vya asili, taa, milango, hata usukani, na hawavinunui kwa mizani. Wakati mwingine mnunuzi wa vyuma anakulipa bei ya chuma kisha mlango mmoja tu anauuza kwa bei ya gari lako zima.

Pili, wanaume wengi huanza na rangi. Rangi inaonekana, majirani wanasifu. Huo ni upotevu. Mtu mwenye akili huanza na chasisi, maana ndiko kwenye chuma na ndiko kutu ilipolala, hasa nyuma na mahali matope ya mbuga yalipoingia yakakauka. Fundi agonge kwa nyundo ndogo chote. Chasisi ikiwa imeoza kabisa, hapo ndipo unaweza kusema habari ya kuuza na mumeo akakusikiliza. Ikiwa nzima, zifuate breki na usukani, kisha injini na gia, kisha umeme, viti, na rangi mwisho kabisa.

Tatu, pangeni kiasi. Pamba ikishalipwa, kwanza itoke ada, kisha chakula mpaka mavuno mengine, kisha mbegu na dawa. Katika kinachobaki mkubaliane fungu la gari, na likiisha kazi isimame mpaka msimu ujao. Gari limengoja miaka ishirini, halitakufa kwa kungoja mwaka mmoja. Afadhali kidogo ni kwamba tangu 2017 ile leseni ya gari ya kila mwaka imefutwa, kwa hiyo gari linalokaa gereji halilimbikizi deni hilo. Likianza kutembea, bima haina mjadala.

Na sasa neno kwa mama mwenye watoto wadogo. Rangi nyingi za magari ya miaka ile zilikuwa na madini ya risasi. Petroli yenyewe ilikuwa na risasi mpaka nchi zetu zilipoiacha kufikia 2006. Mume akipiga msasa, vumbi lile lisikae pale watoto wanapocheza wala karibu na mtungi wa maji. Alowanishe kwanza, avae barakoa inayozuia vumbi. Vumbi la breki za zamani lina asbesto, asilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Afute kwa kitambaa kilicholowa. Ovaroli yake ifuliwe peke yake, kamwe si pamoja na nepi za mtoto. Petroli isiwekwe kwenye chupa ya soda, hata kwa dakika moja. Na gari likiinuliwa kwa jeki liwekewe magogo imara kabla mtu hajaingia chini, maana jeki za zamani zinateleza na hazipigi kelele kwanza.

Mwisho, usibaki jikoni. Wake wengi wanaochukia magari haya ni wale ambao hawajawahi kupewa kazi yoyote juu yake. Viti vya Land Rover ya zamani ni bapa, mwanamke mwenye cherehani nzito anaweza kuvishona upya kwa turubai, na gharama yote ya fundi wa viti ikabaki nyumbani. Binti akamshikie baba taa na ajifunze majina ya spana. Siku hizi wasichana wanasoma ufundi wa magari VETA. Hata viwanja vya Nyakabindi, ambavyo viliwahi kubeba Nanenane ya kitaifa, havijakataza mtu kuja na gari la kale likasimama pembeni ya matrekta. Wenye Land Rover, Bedford na Peugeot za wazee katika wilaya zetu tano wangeanza na siku moja tu pale. Akina mama wangeuza chakula, na mafundi wangejulikana.

Na kama mtakwenda Arusha, pimeni njia vizuri. Kupita Lamadi na lango la Ndabaka ni kuzuri kwa macho, lakini ndani ya Serengeti na Ngorongoro kuna viingilio vya watu na vya gari, na ukiharibikiwa humo huteremki kutafuta fundi. Njia ya Meatu na daraja la Sibiti, mkatokea Mkalama, haina viingilio hivyo. Chukueni madumu mawili ya maji, moja la kunywa na moja la rejeta, na msiyachanganye.