Wafanyabiashara wa Kigoma na Wadai Usafiri wa Umma

Mji hukua kwa kufuata njia zake. Ukweli huu unaonekana waziwazi Kigoma na Ujiji. Katika karne ya 19 Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, nayo ilipofika Ziwa Tanganyika mwaka 1914 haikuingia Ujiji. Ilikomea Kigoma, kwa kuwa ghuba ya Kigoma ina kina kirefu na kinga dhidi ya mawimbi, ilhali ufuko wa Ujiji una kina kidogo. Miji hii miwili haiachani kwa zaidi ya kilomita 10. Hata hivyo, uamuzi huo mmoja wa serikali ya kikoloni ulivuta bandari, stesheni na maghala upande wa Kigoma, na biashara kubwa ikafuata.

Leo tuko mbele ya uamuzi mwingine wa aina hiyo. Desemba 2022 Serikali ilitia saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kati ya Tabora na Kigoma. Mazungumzo mengi juu ya reli hiyo yanahusu shehena ya Burundi na Kongo. Jambo hilo ni jema, lakini halitoshi. Maoni yangu ni kwamba wafanyabiashara wa Kigoma, kwa njia ya chemba yao ya biashara, viwanda na kilimo, hawana budi kudai kwamba mpango wa reli uende sambamba na mpango wa usafiri wa kila siku wa watu wa mji na mkoa.

Kwa nini wafanyabiashara? Kwa sababu wao hulipia usafiri mbovu bila kuuandika daftarini. Mfanyakazi akichelewa, dukani huuzwa kidogo. Mnunuzi akiona nauli ni kubwa kuliko faida ya safari, hubaki kwake. Samaki wabichi wakikosa gari asubuhi, bei yao hushuka kila saa inayopita. Gharama hizi zimetawanyika kwa watu wengi, ndiyo maana hakuna anayezipigia kelele.

Na tupige hesabu ambayo mwanafunzi yeyote aweza kuihakiki. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba watu 1,000 wanataka kutoka Ujiji kwenda Kigoma katika saa moja ya asubuhi. Kwa bajaji zenye abiria 3 kila moja, zitahitajika safari 334. Kwa mabasi ya watu 50, safari 20 zatosha, yaani basi moja kila dakika 3. Kwa treni yenye mabehewa ya watu 80, mabehewa 13 yatawamaliza wote kwa safari moja.

Fizikia nayo ina neno lake. Gurudumu la chuma juu ya reli hubonyea kidogo sana, ilhali tairi la mpira hubonyea na kupoteza nguvu kila linapozunguka. Kuvuta tani moja kwa mwendo wa pole mahali tambarare huhitaji nguvu ya takriban nyutoni 20 juu ya reli, na nyutoni 100 au zaidi juu ya lami. Lakini tusidanganyike: behewa lenyewe ni zito, na likienda tupu faida hiyo hupotea. Reli hufaa penye abiria wengi wanaosafiri kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo kila njia ipewe chombo chake. Kati ya Ujiji, Mwanga na Kigoma, mabasi yenye ratiba yatatosha kwa sasa, mradi ardhi ya vituo na njia itengwe mapema kabla haijajengwa nyumba. Kuelekea Uvinza, reli ya zamani isiachwe iote majani treni za kisasa zitakapoanza. Yaweza kubeba treni ya asubuhi na ya jioni kwa ajili ya vijiji vya njiani. Dar es Salaam ilionyesha mfano huo Oktoba 2012, pale treni za abiria wa mjini zilipoanza kutumia reli zilizokwishakuwapo. Kaskazini, ambako vijiji vingi vya mwambao hutegemea mashua zinazofika Kibirizi, basi lingoje mashua, wala mashua isifike basi limekwisha kuondoka. Aidha, gati na vituo vijengwe kwa kukumbuka mafuriko ya ziwa ya mwaka 2020 na 2021, yaliyofunika sehemu za ufuko.

Nani atalipa? Mwaka 1971 Ufaransa ilitunga sheria iliyowataka waajiri wa eneo la Paris wenye wafanyakazi zaidi ya 9 kuchangia usafiri wa umma, na mwaka 1973 miji mingine mikubwa ikaruhusiwa kufanya vivyo hivyo. Hoja yake ni nyepesi: anayenufaika na mfanyakazi kufika kazini naye achangie safari yake. Kigoma haina haja ya kuiga kodi hiyo neno kwa neno. Wafanyabiashara waweza kuanza kwa kujenga vibanda vya abiria, kununua hisa katika kampuni ya mabasi, na kupanga saa za kazi zilingane na ratiba.

Wapo watakaosema kwamba waendesha bodaboda na bajaji watapoteza riziki. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Lakini basi haliingii vichochoroni wala halifiki mlangoni kwa mtu. Chombo kidogo kitapata kazi ya kuleta abiria kituoni, kwa safari fupi zaidi. Waendeshaji hao washirikishwe tangu mwanzo wa mpango, siyo kuarifiwa mwisho.

Walimu wa jiografia na hisabati mnaweza kusaidia. Wapelekeni wanafunzi barabarani wiki moja, wahesabu vyombo na abiria kila robo saa, kisha wachore grafu. Chemba inayokwenda Halmashauri na tarakimu mkononi husikilizwa kuliko inayokwenda na malalamiko, na tarakimu hizo zinahitajika sasa, kabla ramani za stesheni na barabara zake hazijakamilika.