Mikasa ya kununua Mikasa

KANDO YA WAVU: safu ya kila wiki ya Mwana-Tanganyika

Kutoka Uvira hadi Misisi, mpira wa manjano na bluu unaning'inia mbele ya butiki, umefungwa kwenye kijifuko cha wavu, na juu yake limeandikwa jina moja: Mikasa. Ukiulizia Molten, muuzaji atakunyooshea mwingine wenye nyekundu, kijani na nyeupe, pengine uliotoka katoni ileile. Jioni, wachimbaji wakisha kuteremka kutoka Akyanga na wanafunzi wakisha kuweka madaftari, ubishi unaanza kiwanjani. Kundi moja linaapa kwa Mikasa, la pili linasema Molten ndiyo yenyewe. Wenyewe hubishana mpaka giza liingie, na ni nadra kumsikia mtu akiuliza kama hata mmoja wa mipira hiyo ulitoka kiwandani mwa kampuni ambayo jina lake umelibeba.

Kampuni zenyewe ni za mji mmoja. Mikasa ilianzia Hiroshima, Japani, mwaka 1917, na Molten ikazaliwa hukohuko mwaka 1958. Zimegawana dunia kwa adabu: mpira wa kikapu wa mashindano ya FIBA unatengenezwa na Molten, na mpira wa wavu wa mashindano makubwa ya FIVB, shirikisho la dunia la mchezo huo, unatengenezwa na Mikasa. Hata hivyo, mpira wa Molten V5M5000 nao umeidhinishwa na FIVB, na kwa miaka mingi Molten ndiyo iliyokuwa rasmi kwa shirikisho la Marekani. Kwa hiyo anayesema mmoja kati ya hiyo miwili ni "feki" kwa sababu tu si Mikasa, hajui asemacho.

Tofauti ipo, lakini iko kwenye ngozi na vipande. Mpaka mwaka 1998 mpira wa wavu wa kimataifa ulikuwa mweupe. Rangi ziliingia mwaka huo ili watazamaji, hasa wa televisheni, waone jinsi unavyozunguka. Mwaka 2008, kwenye Olimpiki ya Beijing, Mikasa ilileta MVA200, mpira wa vipande 8 vilivyopinda, wenye vishimo vidogovidogo juu ya ngozi. Mwaka 2019 ikaja V200W, na hesabu ikarudi kwenye vipande 18 kama zamani. Huo ndio mpira ambao Malkia Strikers wa Kenya waliuchezea kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021 kwa sababu ya korona. Molten wao walichagua njia nyingine: ngozi ya V5M5000 ina alama ndogo za pembe sita, nazo kazi yake ni kuufanya mpira utulie hewani na usiteleze mkononi.

Yote hayo ni mambo mazuri, ila yalipimwa ndani ya kumbi. Sakafu ni ya mbao au ya plastiki laini, paa liko juu, hakuna vumbi wala umande. Ngozi ya V200W imetengenezwa kwa nyuzi ndogo mno, laini kuigusa, na vipande vyake vimegundishwa, havikushonwa. Uteremshe mpira huo Misisi, kwenye udongo mwekundu uliochanganyika na changarawe, mahali ambapo mstari wa nyuma umechorwa kwa majivu na nje ya mstari kuna mawe. Kila smashi inayotua chini inausugua. Vishimo na pembe sita zote zinajaa vumbi, na ule ubora uliolipiwa unabaki kwenye udongo. Mpira halisi wa daraja hilo hupita dola 60 kwa urahisi hata kabla ya kusafirishwa. Kuupiga kila siku kwenye changarawe ni ufujaji, na anayeufanya asije akalaumu kiwanda.

Hapo ndipo jambo la pili linapoingia, na ndilo kubwa zaidi. Mpira unaouzwa Misisi kwa dola 10 hauwezi kuwa V200W. Jina lake ni wino tu. Muhuri wa FIVB nao ni wino, maana anayeweza kuchapa jina hashindwi kuchapa muhuri. Mwana-Tanganyika hana ugomvi na mpira wa bei ndogo kutoka China au Pakistani. Mji wa Sialkot, Pakistani, umeshona mipira ya dunia kwa vizazi, na mingi ni imara kuliko majina makubwa. Ugomvi wake ni na mtu anayelipa bei ya jina bila kupima kilicho ndani ya jina.

Na Misisi, kati ya miji yote ya Fizi, haina kisingizio cha kutopima. Hapa dhahabu inapimwa mpaka kwenye sehemu ya gramu. Mnunuzi anaimulika, anaikwaruza, anaidondoshea asidi, anaiweka juu ya mizani ya elektroniki, na bado anabishana na mchimbaji juu ya tarakimu ya mwisho. Mtu huyohuyo, tena ndiye anayefadhili timu ya mtaa, akitoka kununua mpira anaubonyeza mara moja, anasema "uko sawa", na kulipa.

Kanuni za FIVB ziko wazi. Mpira wa wavu wa ndani uwe na uzito wa gramu 260 hadi 280, mzingo wa sentimita 65 hadi 67, na mkandamizo wa hewa wa kilo 0.30 hadi 0.325 kwa sentimita ya mraba. Uzito unapimika kwenye mizani yoyote ya mnunuzi wa dhahabu inayobeba zaidi ya nusu kilo, kazi ya sekunde chache. Mzingo unapimika kwa utepe wa fundi cherehani. Mpira wa gramu 320 utakuchoma mikono ukipokea sevu, na mtoto wa miaka kumi na tatu atajifunza kuikimbia badala ya kuipokea. Wa gramu 220, kama ilivyo mingi ya mpira mtupu, unapeperuka na upepo wa alasiri, na anayejifunzia huo atapata shida siku atakapokutana na mpira wenye uzito wa kanuni.

Kuna jaribio jingine lisilohitaji chombo. Urushe juu huku ukiuzungusha, kisha utazame. Mpira uliotengenezwa vizuri unazunguka bila kuyumba. Ule ambao upande wa valvu ni mzito kuliko upande wa pili unatikisika hewani. Halafu ujaze, uzamishe valvu kwenye ndoo ya maji, utafute mapovu. Mwenye duka akikataa, nenda butiki ya pili, wala usigombane naye.

Mkandamizo ndio unaosumbua zaidi, kwa sababu karibu kila timu ina pampu ya baiskeli na hakuna yenye kipimo. Wengi hujaza mpaka mpira ulie kama jiwe, wakidhani ukiwa mgumu ndio una nguvu. Tufanye hesabu ndogo. Mpira uliojazwa saa kumi na mbili asubuhi, joto likiwa nyuzi 20, hadi kilo 0.30, ukiachwa juani mchana mpaka hewa ya ndani ifike nyuzi 35, mkandamizo wake unapanda kupita 0.35. Umeshavuka kanuni, na hakuna aliyegusa pampu. Kwa hiyo kwenye jua la Fizi mpira ujazwe muda mfupi kabla ya mchezo, ukae kivulini, na ukibonyezwa kwa vidole gumba viwili ubonyee kidogo. Mishono inayofumuka na tyubu zinazovimba upande mmoja, mara nyingi huwa ni kazi ya pampu na jua, na lawama hubebeshwa kampuni.

Mji wa Baraka ni habari nyingine. Kwenye mchanga wa ufukweni mwa Tanganyika, mpira wa ukumbini haufai hata ukiwa halisi: maji yanaingia kwenye maungio, gundi inaachia. Mpira wa ufukweni una kanuni zake. Mzingo wake ni mkubwa kidogo, sentimita 66 hadi 68, uzito ni uleule, lakini hewa ni kidogo zaidi, kilo 0.175 hadi 0.225, na kwa kawaida vipande vyake hushonwa. Mikasa VLS300, iliyochezewa Olimpiki ya Rio mwaka 2016, ni wa namna hiyo. Wamarekani wao ufukweni wana Wilson, jina ambalo wengi wetu tulilijua kupitia sinema ya Tom Hanks ya mwaka 2000, ambamo mtu aliyekwama kisiwani anazungumza na mpira wa wavu mpaka anaulilia. Timu za Baraka zinazocheza mchangani zinunue mpira wa kushonwa, na zile zinazocheza kwenye uwanja wa shule zisiazime mpira huo, kwa sababu ni laini na mwepesi wa hewa, na utawaharibia mapigo.

Kushona, kwa kweli, ni sifa ambayo sisi wa viwanja vya udongo tumeidharau. Mwaka 2004 Mwingereza Jim Cogan alianzisha Nairobi shirika la Alive & Kicking, ambalo mafundi wake wanashona mipira kwa mkono, kwa ngozi, kwa ajili ya viwanja vigumu vya Afrika, na kuichapa ujumbe wa afya juu ya malaria na UKIMWI. Baadaye lilifungua kazi Zambia na Ghana. Wazo lililo nyuma yake ni rahisi: mpira uliopasuka mshono urudi kwa fundi badala ya kutupwa. Mpira uliogundishwa, kipande kikinyanyuka, umekwisha. Ule wa kushonwa, fundi viatu yeyote wa soko la Misisi mwenye sindano na uzi wa nailoni anaweza kuurudisha kiwanjani kesho yake.

Maprefe na madirekta wa shule wana swali lao, nalo si la Mikasa wala Molten. Watoto wa darasa la tano wanapewa mpira wa watu wazima, mikono inawauma, wanakimbilia kabumbu. Molten ina mipira ya kufundishia ya gramu 70, 140 na 210, yenye umbo la kawaida, na kampuni nyingine zinayo ya namna hiyo. Ikishindikana kuipata, mpira mwepesi wa plastiki uliopimwa ni bora kwa mtoto kuliko Mikasa ya bandia ya gramu 300. Mkono uliozoea kupokea bila woga utauzoea mpira mzito baadaye. Ukianza na woga, kocha atakuwa na kazi ya miaka.

Na sasa ule ubishi wa jioni. Timu inayolenga mashindano ya mkoa na zaidi, ambako mtu hukutana na mpira wa FIVB, inunue Mikasa V200W moja ya kweli, kutoka kwa muuzaji anayetoa risiti, na iutunze kwa mechi tu. Kocha akae nao nyumbani, si nahodha. Kwa mazoezi ya kila siku yatosha ndugu zake wadogo wa shule na mazoezi, kama V390W, au Molten ya daraja la chini, au mpira wa kushonwa usio na jina kabisa, mradi uwe umepita kwenye mizani. Timu inayocheza mtaa kwa mtaa, bila nia ya kwenda Bukavu wala Kalemie, haina sababu ya kulipia jina lolote kati ya hayo mawili. Fedha itakayobaki inunue wavu mzuri na kamba za mistari, maana hata mpira wa Olimpiki hausaidii chochote juu ya wavu uliolegea katikati na kushuka chini ya mita 2.43 za wanaume au 2.24 za wanawake.

Wafadhili nao wasikie. Kila likizo kubwa, PDG wa mashimo na wanunuzi wa dhahabu hutoa zawadi: jezi, mbuzi, na mipira. Jezi zinapigwa picha, mbuzi analiwa usiku uleule, na mipira inakufa kabla shule hazijafunguliwa Septemba. Mfadhili mmoja akitoa mpira mmoja wa kweli, pampu yenye sindano mbili za akiba na kipimo cha hewa, atakuwa ameisaidia timu kuliko anayemwaga mipira kumi ya dola 10.

Mvua ikianza, barabara ya taifa namba 5 kati ya Fizi na Lulimba inameza malori, na kilichokwama Uvira au kinachongoja boti Kigoma hakifiki Misisi kwa wakati. Timu inayotaka mpira wa mashindano ya Julai na Agosti iagize mwezi wa sita, kiangazi kinapoanza, imtaje muuzaji namba ya modeli kwa maandishi, na isimalize kulipa mpaka mpira umepimwa mbele ya wachezaji.