Chakula cha mtoto kimo kwenye beseni tunalouza

Leo naomba niwageukie wafanyabiashara wa mwambao wetu, hasa akina mama wanaoamka alfajiri hapa Rumonge kupakia ndagala na mawese kuelekea Nyanza-Lac, Kabonga hadi Kigoma. Hoja yangu ni moja. Tunauza chakula cha watoto wetu, kisha faida tunaipeleka dukani kununua kopo.

Najua mtauliza, mwalimu wa kiume anajua nini habari za uji? Najua kwa sababu yalinikuta.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa baada ya sisi kurudi kutoka kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, ile iliyofungwa mwaka 2012. Alipotimiza miezi sita mama yake alirudi sokoni, zamu ya uji ikawa yangu. Kambini tulizoea unga wa mahindi na soya wa mgao, unakoroga tu. Nyumbani hakuna mgao. Nikanunua kopo la unga wa nafaka kutoka nje, na kila lilipokaribia kuisha nikapunguza vijiko ili lifike mwisho wa mwezi. Siku za ukata nilimpa uji wa muhogo, mwepesi kama maji. Tumbo lilijaa, lakini kadi ya kliniki ilionyesha uzito umesimama miezi miwili. Na nyuma ya mlango palikuwa na gunia la ndagala likimsubiri mteja wa Kigoma!

Sikuwa peke yangu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016-2017 ulionyesha kuwa asilimia 56 ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa nchi yenye ziwa kama hili, ni aibu yetu sote.

Sasa tufanyeje? Chukua ndagala wakavu, ondoa vichwa, waoshe kwa maji ya moto hadi mchanga uishe, maana wengi huanikwa chini. Wakaushe tena, wakaange bila mafuta, twanga na uchekeche. Hakikisha si wale wa chumvi nyingi. Kisado kimoja kinatoa unga wa wiki kadhaa. Pika uji wa mahindi au mtama uwe mzito, usiomwagika kijiko kikiinamishwa. Ukikaribia kuiva tia kijiko cha unga wa ndagala, uchemke pamoja, kisha kijiko kidogo cha mawese mekundu, ambayo yana vitamini A. Siku nyingine ponda ndizi au viazi vitamu pamoja na maharage na lengalenga. Mtoto wa miezi sita hadi minane anahitaji milo miwili au mitatu kwa siku, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Maji yachemshwe, kipindupindu si mgeni huku kwetu.

Wapo wanaosaga nafaka saba na karanga kwa pamoja wakiita lishe. Sioni faida yake. Nafaka nyingi bado ni nafaka, na karanga moja yenye ukungu inaharibu unga wote.

Kikwazo kikubwa, tuseme ukweli, ni sisi akina baba. Mke akitenga kisado cha ndagala tunapiga hesabu ya faranga zilizopotea. Hatupigi hesabu ya kopo, wala ya siku za biashara zinazopotea mtoto akilazwa.

Tena mwaka 2024 nchi zinazopakana na ziwa zilisimamisha uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Ziwa likifungwa hivyo bei hupanda, na wa kwanza kukosa ni mtoto. Kwa hiyo kisado cha nyumbani kitengwe Aprili, kabla gunia halijashonwa mdomo. Wangu nimewaweka kwenye ndoo yenye mfuniko, juu ya kabati, mbali na paka.