Final Fantasy Haikuchorwa na Amano

Wapenzi wa gemu za Kijapani, hasa zile ndefu za safari na mapambano zinazoitwa RPG, wana imani moja ambayo hawaihoji: kwamba mchoraji mashuhuri ambaye jina lake linauza boksi ndiye aliyeichora gemu. Final Fantasy ni ya Yoshitaka Amano. Dragon Quest ni ya Akira Toriyama. Pokémon ni ya Ken Sugimori. Majina haya hutajwa kama yanavyotajwa majina ya washambuliaji wa timu, na yakishatajwa mjadala umefungwa. Mimi naipinga imani hii. Imekosea kwenye mzizi wake, na imewapora haki watu ambao kazi ya mikono yao ndiyo hasa tuliyokesha tukiitazama.

Nianze na Amano, kwa sababu ndiye ninayempenda kuliko wote. Mstari wake ni mwembamba kama unywele. Unapinda, unajikunja, unapotea, kisha unaibukia mahali pengine. Nguo zinapepea hata pasipo upepo, nyuso zimepauka, macho yanatazama mbali. Anatumia wino na rangi za maji, na sehemu kubwa ya karatasi anaiacha nyeupe bila kuigusa. Kampuni ya Square ilipomkabidhi kazi ya Final Fantasy, iliyotoka Desemba 1987, tayari alikuwa na jina kubwa Japani kwa michoro yake ya riwaya za Vampire Hunter D. Anayeziita picha zake mapambo ya boksi hajazitazama.

Lakini jiulize: picha hizo uliziona wapi? Kwenye boksi, kwenye kijitabu cha maelekezo, baadaye kwenye vitabu vya sanaa na siku hizi kwenye intaneti. Kwenye televisheni, gemu ilipokuwa inachezwa, hukuona hata mstari mmoja wa Amano. Hukuweza kuuona, kwa sababu mashine haikuwa na pa kuuweka.

Mashine hiyo ni Famicom ya Nintendo, iliyoingia sokoni Japani mwaka 1983. Mhusika anayetembea kwenye ramani ya Final Fantasy ya kwanza alipewa miraba 16 kwa 16. Yaani nukta 256 za rangi, basi. Kwenye uwanja wa mapigano aliongezewa urefu kidogo, akawa 16 kwa 24. Kila kipande cha kikaragosi, yaani cha picha hiyo ndogo ya mhusika kwenye skrini, kilichorwa kwa kundi la rangi tatu. Nafasi ya nne ilikuwa ya uwazi, ili kilicho nyuma yake kionekane. Ndani ya nafasi hiyo ulitakiwa kumweka shujaa mwenye joho, upanga, nywele na roho.

Kama unadhani hilo ni jambo dogo, chukua daftari la hesabu lenye miraba, lile la shule ya msingi. Hesabu miraba 16 kwenda kulia na 16 kushuka, uzungushie kalamu. Chukua rangi tatu. Sasa mchore mtu.

Nimelifanya zoezi hilo usiku mmoja mezani kwangu. Jambo la kwanza unalogundua ni kwamba pua haina nafasi. Mdomo nao hauna. Macho yanabaki kuwa kila kitu: ukilipa jicho mraba mmoja, uso unakuwa wa mtu aliyesinzia, ukisimamisha miraba miwili, mmoja juu ya mwenzake, ghafla anakutazama. Kichwa lazima kichukue karibu nusu ya mwili, la sivyo uso hausomeki. Mkono ukiupa mraba mmoja zaidi, mtu anaonekana amebeba mzigo. Halafu ukishampata, unapaswa kumchora tena akiinua mguu, ili kubadilishana kwa picha mbili kumfanye atembee. Kurasa tatu ziliisha na mtu sikumpata.

Aliyempata ni Kazuko Shibuya. Alikuwa mfanyakazi wa Square, na ndiye aliyechora vikaragosi vya wahusika wa Final Fantasy tangu ile ya kwanza hadi ya sita. Yule mchawi mweusi mwenye kofia ya ncha iliyopinda na macho mawili ya njano yanayong'aa gizani, ambaye leo anauzwa kama mwanasesere na kuchapwa kwenye fulana, umbo lake tunalolikumbuka ni la miraba ile. Wino wa Amano ulikuwa ndoto. Mtu uliyemwongoza, ukamnunulia silaha, ukamfufua alipokufa, alitoka kwenye mkono wa Shibuya.

Watetezi wa imani ya jina moja wana jibu lao la siku zote. Wanasema mbunifu ndiye mwenye wazo, na anayeligeuza wazo kuwa miraba ni fundi anayenakili. Jibu hilo linanikera, kwa sababu linatoka kwa watu ambao hawajaziweka picha hizo mbili pamoja. Mtazame Terra, msichana anayeifungua Final Fantasy VI ya mwaka 1994. Kwenye picha za Amano, Terra ana nywele za dhahabu. Kwenye skrini ana nywele za kijani. Huko si kunakili. Kuna mtu alikaa mbele ya mashine akaamua kinyume cha karatasi iliyokuwa mezani, na mamilioni ya wachezaji wakamjua Terra kwa rangi ya uamuzi huo.

Kazi hii ni tafsiri. Hakuna msomaji wa Kiswahili anayesema Nyerere aliinakili tu tamthilia ya Shakespeare alipotuandikia Mabepari wa Venisi. Tunajua alichagua kila neno, alipoteza baadhi ya mambo na kupata mengine ambayo Kiingereza hakikuwa nayo. Shibuya alitafsiri kutoka lugha yenye maneno yasiyo na idadi kwenda lugha yenye maneno 256.

Na kuna kitu ambacho karatasi ya Amano haikuwa nacho hata kidogo: mwendo. Kwenye gemu hiyohiyo ya sita kuna onyesho la opera ambalo walioliona hawalisahau. Celes, jenerali aliyeasi himaya yake, anaingia jukwaani badala ya mwimbaji anayefanana naye. Amevaa gauni jeupe. Anapanda ngazi za ngome hadi juu kabisa akiwa na shada la maua, anasimama chini ya anga la usiku, analirusha. Mhusika huyo ana urefu wa nukta 24. Hana sauti ya binadamu. Kuna muziki wa Nobuo Uematsu na maandishi yanayopita. Kila hisia unayoipata machoni inatokana na jinsi kichwa kinavyoinama, mkono unavyonyanyuka, mwili unavyogeuka. Wahusika wa gemu ile wanainamisha kichwa kwa huzuni, wanafumba macho, wanashtuka, wanatikisa kidole wanapotania. Uigizaji wote umo kwenye vikaragosi. Watu wazima wameniambia walilia mbele ya onyesho lile, na hawakumlilia mwanamke wa kwenye karatasi.

Sitaki kumwondoa mfalme mmoja nikamtawaza mwingine. Final Fantasy VI ilikuwa na wakurugenzi wanne wa michoro: Tetsuya Takahashi, Kazuko Shibuya, Hideo Minaba na Tetsuya Nomura. Wanne, na nyuma yao wengine. Huyo Nomura wa mwisho ndiye aliyekuja kubuni wahusika wa Final Fantasy VII mwaka 1997, na sasa naye amepandishwa kwenye kiti kilekile cha jina moja, kana kwamba hakuwahi kuwa mmoja kati ya wanne.

Mgala muue na haki yake mpe. Zipo nyakati ambapo jina kubwa limefanya kazi kubwa kweli, na mfano ulio wazi kuliko yote ni Toriyama. Yuji Horii alipokuwa anaitunga Dragon Quest, iliyotoka Mei 1986, alichora adui wa kwanza kama rundo la ute lililomwagika. Toriyama akalirudisha likiwa tone la maji lenye ncha juu, macho mawili ya mviringo na tabasamu pana. Hilo ndilo Slime, na ndilo alama ya Dragon Quest hadi leo. Wazo lilikuwa la Horii, sura ni ya Toriyama, na hapo sina ubishi.

Ila angalia kwa nini ilifanikiwa. Toriyama alitoka kwenye manga ya kila wiki, kwenye Dr. Slump na Dragon Ball. Mstari wake ni mnene, umefungwa, hauna utata. Umbo unalitambua hata likiwa dogo kama kifungo cha shati. Mchoro wake ulikuwa umeshafika nusu ya safari kuelekea kwenye skrini kabla mtu wa miraba hajaugusa. Wa Amano ulikuwa haujaondoka nyumbani. Kwa hiyo, kadiri tunavyousifu uhuru wa wino wa Amano, ndivyo tunavyopaswa kumsifu zaidi aliyeufikisha pale. Mashabiki wanafanya kinyume: wanauona umbali mkubwa kati ya karatasi na skrini, halafu sifa yote wanaipa karatasi.

Pokémon nayo ina kisa chake. Sugimori ndiye aliyechora picha rasmi za viumbe wote 151 wa mwanzo, na kwa sababu hiyo dunia ikaamini kwamba wote wametoka kichwani mwake. Pikachu alibuniwa na Atsuko Nishida. Mwaka 2018 Nishida alieleza kwamba alianza na umbo la daifuku, kitafunwa cha Kijapani cha mviringo cha unga wa mchele, akakiongezea masikio, na kwamba mashavu yale yalitokana na kindi anayehifadhi chakula mashavuni. Hebu fikiria: mhusika anayetambuliwa na mtoto wa Tanga, wa Lima na wa Osaka, na kwa zaidi ya miaka 20 watu wengi hawakuwa wamelisikia jina la aliyembuni.

Imani hii haikuota yenyewe kama uyoga. Imejengwa na biashara. Mwaka 1986 Wajapani wengi hawakujua RPG ni kitu gani, lakini watoto wote walimjua Toriyama kutoka kwenye jarida la Shonen Jump. Jina lake lilikuwa dhamana dukani. Wakati huohuo, kampuni nyingi za gemu za Japani zilikuwa zikiwaandika wafanyakazi wao kwa majina ya utani mwishoni mwa gemu, au zisiwaandike kabisa, kwa hofu ya kunyakuliwa na washindani. Huyu jina lake lilikuzwa ili liuze, yule jina lake lilifichwa ili asiondoke. Halafu sisi wachezaji tukauchukua mpango huo wa wafanyabiashara tukaufanya historia ya sanaa.

Amano mwenyewe hakuanza kama jina. Aliingia studio ya katuni ya Tatsunoko akiwa kijana wa miaka 15, akawa mkono mmoja kati ya mikono mingi nyuma ya katuni ambazo watazamaji hawakujua nani amechora nini. Ni mwaka 1982 ndipo alipoondoka na kuanza kujitegemea. Anayempenda kwa dhati aikumbuke ile miaka ya meza ya studio.

Jambo hili linaniuma pia kwa sababu ya vijana wetu. Jirani yangu ana mtoto wa miaka 17 anayechora vizuri mno, madaftari yake yamejaa. Mwaka jana aliniambia ameacha kwa sababu hana mkono kama wa Toriyama. Nilimfungulia vikaragosi vya Final Fantasy ya 1987, nikavikuza hadi kila mraba ukaonekana, nikamwambia nani alivichora. Hakuwa amewahi kulisikia jina la Shibuya. Alikaa kimya akihesabu miraba ya kofia ya yule mchawi kwa kidole. Ameombwa miaka yote kuamini kwamba katika kazi hii kuna kiti kimoja tu, na akitazama anaona kimeshakaliwa.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa wanaozipenda gemu hizi. Mkitaja jina la kwenye boksi, tajeni na jina la aliyeijaza skrini. Majina yanapopita mwishoni, baada ya saa 40 za kucheza, msizime mashine.

Square Enix yenyewe haikusahau. Mwaka 2021 ilipoanza kuzitoa upya Final Fantasy sita za kwanza zikiwa na michoro mipya ya miraba, kazi ya kusimamia vikaragosi vya wahusika ilimpa Kazuko Shibuya, miaka 34 baada ya kuvichora vile vya kwanza.