MAONI YETU: Kiti cha Diwani ni Amana

Diwani akifariki dunia au akijiuzulu, wananchi wa wadi yake hukosa msemaji, na mashimo ya barabara na taka za sokoni hazingojei uchaguzi. Kwa hivyo tunawaelewa wale wasemao kuwa madiwani waliobaki waachiwe wamwalike mwenzao ajaze pengo, ili ziepukwe gharama za uchaguzi mdogo. Tunawaelewa, lakini hatuwaungi mkono moja kwa moja.

Huko Uingereza, ambako desturi hiyo imo katika mabaraza madogo ya vijiji, sheria ya mwaka 1972 pamoja na kanuni zake haikuwaachia madiwani hiari tupu. Tangazo hubandikwa hadharani. Wapiga kura 10 wa mahali pale wakidai uchaguzi ndani ya siku 14 za kazi, uchaguzi hufanywa. Wakinyamaza, ndipo baraza humteua mtu kwa kura, naye sharti awe na sifa zile zile za mgombea. Hata hivyo huko nako yapo maradhi: watu huzoea kunyamaza, na baraza likaja kuwa la marafiki waliokaribishana.

Sisi wa Visiwani si wageni wa uteuzi. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Baraza la Mapinduzi ndilo lililotunga sheria mpaka lilipoanza Baraza la Wawakilishi mwaka 1980. Uteuzi ule ulikuwa na hoja yake wakati ule, wala hatuoni haya kulisema hilo. Lakini leo sheha huteuliwa, mkuu wa wilaya huteuliwa, mkuu wa mkoa huteuliwa. Diwani wa wadi ni miongoni mwa wachache ambao mwananchi huwaweka kwa mkono wake mwenyewe. Akinyang'anywa huyo, atabakiwa na nani wa kumuuliza?

Tuliofunzwa chuoni maana ya shura tunajua kuwa si mnong'ono wa watu watatu barazani baada ya alasiri. Ikiwa Serikali itaona haja ya utaratibu huu, basi tangazo libandikwe kwa sheha, sokoni na msikitini; wananchi wapewe kwanza haki ya kudai kura; na jina la anayependekezwa litajwe kabla ya kikao, si baada yake. Na aingiaye kwa mlango huo akae mpaka uchaguzi mkuu tu, kisha naye akasimame mbele ya wapiga kura kama wenziwe.