UKULIMA NA UFUGAJI: Ng'ombe Si Nyama Peke Yake

Siku ya arusi au ya sikukuu, ng'ombe achinjwapo nyumbani, watu huitazama nyama na kuyasahau mengine. Ngozi hutandazwa chini juani, damu humwagwa, na mifupa huachiwa mbwa. Jioni wageni wameshiba, lakini mwenye ng'ombe amekwisha kupoteza sehemu ya mali yake.

Hasara ya ngozi huanzia kisuni. Yafaa mchunaji atumie kisu chenye ncha ya mviringo, apasue kwa mistari iliyonyoka, na kila iwezekanapo aitenge ngozi na nyama kwa ngumi, si kwa makali. Kwa maana tundu moja katikati ya mgongo huishusha bei. Kisha ngozi isafishwe, iondolewe mabaki ya nyama na mafuta, iwambwe katika kiunzi cha miti, kivulini penye upepo. Ngozi iliyoanikwa chini juani hukauka upesi upande wa nje, lakini ndani hubaki na unyevu na kuoza. Kasoro hiyo hujificha mpaka ngozi ilowekwapo kiwandani, ndipo inapochanika. Mnunuzi mjuzi analijua jambo hilo, naye hulipa kidogo.

Damu nayo ni chakula. Wakikuyu huitia pamoja na nyama ndani ya utumbo, wakapata mutura. Ambao dini yao inawakataza kuila, au waliobakiwa nayo, waweza kuichemsha mpaka igande, waikaushe, waisage, na kuwachanganyia kuku kidogo katika chakula chao. Mifupa ikichomwa mpaka iwe myeupe huvunjika kwa urahisi, na unga wake ni mbolea njema ya shamba. Samadi iliyomo tumboni itiwe katika shimo la mboji.

Lakini yako mambo matatu ambayo mkulima mwenye akili hayafanyi. Hawalishi ng'ombe unga wa mifupa wala wa nyama. Ugonjwa wa wazimu wa ng'ombe, uliotambuliwa Uingereza mwaka 1986, ulienea kwa njia hiyo. Hawatupii mbwa ini wala pafu lenye malengelenge ya maji, kwa kuwa mbwa hupata minyoo, na mayai ya minyoo hiyo humwingia mtoto achezaye naye. Viungo hivyo huchomwa moto au huzikwa shimo refu. Tena, mnyama aliyekufa ghafula, akatokwa na damu puani isiyoganda, hapasuliwi wala hachunwi. Hiyo yaweza kuwa kimeta, nayo huua watu. Aitwe daktari wa mifugo mara moja.

Ngozi ya mnyama wa namna hiyo haina bei. Ya mnyama mzima, iliyochunwa na kuwambwa vema, yaweza kusaidia kumlipia mtoto karo ya shule. Haba na haba hujaza kibaba.